Sanduku la Mwanga Juu ya Cherehani

Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nikiwasha taa saa sita mchana. Wakati ule nilificha sana aibu hiyo, sasa naiandika bila wasiwasi. Hapa kwetu Talatala, wilayani Kyela, jua likishavuka milima ya Livingstone halina mchezo: linakausha kokoa kwenye mikeka, linawakimbiza kuku chini ya maghala, na watu wazima wanatembea na kanga kichwani. Na mimi katikati ya jua lote hilo, ndani ya nyumba mpya yenye madirisha makubwa ya vioo, nimeketi chini ya balbu nashona sare za shule kana kwamba niko pangoni.

Sababu ya balbu ile ilikuwa baba mkwe wangu. Jina lake sijawahi kulitamka tangu niolewe, na hapa pia silitamki.

Wanyakyusa wanaoshika mila wana utaratibu wao: mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Ukisikia anakuja, unaingia nyuma ya mgomba mpaka apite. Yeye naye akikaribia mahali ulipo anakohoa, ili upate nafasi. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, hasa za mjini, utawakuta wanapeana mikono nje ya kanisa na kuulizana habari za watoto. Mzee wangu hakulegeza. Jumapili yeye alisali ibada ya kwanza, mimi ya pili, na njia ya kanisani tulipishana kwa saa, si kwa hatua.

Mimi nimezaliwa Ikombe, ng'ambo huko ziwani, kijiji ambacho mpaka leo watu hukifikia kwa mtumbwi. Mama yangu ni mfinyanzi, kama wanawake karibu wote wa kule. Kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini hatujifichi kwenye migomba. Nilipoolewa mama aliniambia nifuate mila za wenyeji wangu, nisianze kubishana wiki ya kwanza. Nikatii. Nilianza wiki ya pili.

Nilibishana na mume wangu, maana ndiye aliyekuwepo wa kubishana naye. Nilimuuliza imekuwaje nyumba ikajengwa vile. Yeye ni mwalimu, na wakati nyumba inajengwa alikuwa akifundisha mbali, akawa anatuma pesa na picha za simu. Picha zenyewe zilikuwa za nyumba nzuri: kibaraza, nguzo, sebule yenye madirisha mawili mapana kuelekea mbele. Mafundi wakajenga kama picha. Hakuna aliyekumbuka kwamba mbele ya nyumba hiyo, hatua kama kumi na tano tu, ndipo lilipo banda la useremala la baba yake. Amefanya kazi hapo tangu ujana wake. Wakati madirisha yanapachikwa mzee mwenyewe alikuwa pale pale anapiga randa, akaona kila kitu, na hakusema neno. Mtoto wake anajenga, aseme nini?

Nyuma ya nyumba kuna shamba la kokoa, na kokoa ni kivuli kitupu. Upande mmoja ni jiko, upande mwingine vyumba vya kulala. Kwa hiyo chumba pekee cha kuweka cherehani ni sebule, na mwanga wa sebule wote unapitia madirisha yale mawili, na madirisha yale yanamtazama mzee usoni.

Miezi ya kwanza yeye ndiye aliyejitolea. Aligeuza mkao wake. Meza yake ya kazi ilikuwa imechimbiwa ardhini, haihamishiki, basi akahamia upande wa pili wake, akawa anafanya kazi mgongo ukiwa kwetu. Mama mkwe ndiye aliyeniambia. Nilifurahi sana, nikafungua mapazia, mwanga ukamwagika mpaka kwenye kona ya kabati. Mimi nilikaa mgongo kwenye dirisha, yeye mgongo kwangu, kila mmoja akasikiliza kazi ya mwenzake. Hivyo ndivyo tulivyofahamiana. Nilijua randa yake ikiwa kwenye mninga na ikiwa kwenye msonobari. Nilijua akiwa na haraka na akiwa amechoka. Baadaye nilikuja kusikia kwamba naye alinijua hivyo hivyo, kwa cherehani.

Lakini fundi aliyegeuzia mwanga mgongo anafanya kazi ndani ya kivuli chake mwenyewe. Hilo sikulifikiria, na mimi ndiye niliyepaswa kulifikiria kuliko wote, kwa sababu nimekua nikimtazama mama yangu akifinyanga. Mama hufinyanga mlangoni. Hakai ndani, hakai nje, anakaa pale mlangoni ubavu ukiwa kwenye mwanga, ili kila mbonyeo kwenye chungu uonyeshe kivuli chake. Ukimzibia mlango anakufukuza, hata ukiwa umembebea chakula.

Siku moja randa ilinyamaza ghafla, nikasikia mama mkwe akiita. Mzee alikuwa amejikata kidole gumba kwa patasi. Hakuona mstari wake. Alishonwa zahanati, na alipotuma salamu kwetu alisema kosa ni la patasi.

Jioni ile nilifunga mapazia. Yalikuwa mazito, nilishona mwenyewe, nikayaunganisha katikati yasiache hata ufa. Nikamwambia mama mkwe, "Mwambie mzee arudi upande wake wa zamani. Mimi nina taa."

Mume wangu alileta wazo la neti, kwamba mtu wa nje haoni ndani. Ni kweli haoni. Lakini aliye ndani anaona nje, na miiko ni ya wote wawili. Neti ingenificha mimi kwake, isingemficha yeye kwangu. Nikaacha mapazia.

Basi tukaingia kwenye maisha ya taa. Asubuhi nikinywa chai nawasha, nazima nikienda kulala. Uniti za Luku zilikuwa zinayeyuka, na mita ikianza kulia nilikuwa naiona kama mtoto asiyeshiba. Na ingekuwa nafuu kama umeme wenyewe ungekuwepo. Kyela mvua ikianza inanyesha kama imetumwa, na umeme ni wa kwanza kuikimbia. Balbu inazimika katikati ya pindo, nabaki na mguu juu ya kanyagio kwenye giza la mchana, na nje kumejaa mwanga wa bure ambao siwezi kuugusa. Macho yalianza kuuma. Sindano niliitunga kwa kuipeleka mlango wa nyuma, kwenye kivuli cha kokoa, nikiwa nimekunja uso wote.

Cherehani ikinyamaza, mzee alikuwa anamuuliza mkewe, "Umeme umekatika kwa mkamwana?" Mama mkwe aliniambia kwa kucheka. Mimi sikucheka.

Mume wangu ni mtu wa hesabu fupi. Alisema kuna chumba Bondeni, mjini, kina mlango mpana unaotazama barabara, mwanga mpaka jioni na wateja wanapita miguuni. Tukapange huko, tuhamie kabisa, nyumba hii tutakuwa tunakuja mwisho wa wiki. Kwa upande wa kazi alikuwa sahihi. Lakini wazee wale wawili hawakuwa na mtoto mwingine karibu. Mama mkwe miguu ilikuwa imeanza kuvimba, maji nilimchotea mimi, na mboga tulichuma pamoja. Mzee nilikuwa sijamwona hata siku moja, ila siku randa ikichelewa kuanza nilikuwa siwezi kukaa mpaka niulize kama ameamka vizuri. Sikutaka kuhama. Nilitaka mwanga, na nilitaka kubaki, na ilionekana lazima nichague kimoja.

Kwa tabia yangu ya kutosubiri nilimwita fundi wa mabati kutoka mjini bila kumshauri mtu. Nilikuwa nimeona maghala ya mpunga yana bati moja la plastiki katikati ya yale mengine, lile linalopitisha mwanga, na ndani kunang'aa bila taa. Fundi alikuja, akang'oa bati moja juu ya meza yangu, akapachika la plastiki, akakata na dari chini yake. Kazi ya asubuhi moja. Nilisimama katikati ya sebule mapazia yakiwa yamefungwa, jua limenidondokea kichwani, nikacheka peke yangu. Nilizima swichi kwa kidole kimoja, kwa madaha, kama mama mwenye nyumba kwenye tangazo.

Furaha ile ilidumu siku tisa. Wanakwaya walikuwa wameniletea kitambaa cha zambarau cha majoho mapya, nikakitandaza mezani kikisubiri vipimo vya waliokuwa safarini. Nilipokuja kukikunjua kilikuwa na mstari mpana uliopauka, umekatisha katikati kama njia ya ng'ombe kwenye majani. Jua lilikuwa linapita pale pale kila mchana. Chumba chenyewe saa saba kilikuwa tanuri, nikawa nashona na taulo shingoni. Halafu ikaja mvua ya kwanza, na pale bati la plastiki lilipokutana na la chuma maji yakaingia, yakateremkia kwenye cherehani yenyewe. Nikaweka beseni. Nikafunika mwanga wangu kwa turubai, nikawasha taa.

Kitambaa cha kwaya tulikilipa sisi. Mume wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema tu kwamba amezungumza na mwenye chumba cha Bondeni, na tukishavuna mpunga tutahama.

Habari ilifika ng'ambo ya ua siku hiyo hiyo. Siku mbili randa haikusikika. Siku ya tatu mama mkwe alikuja na kamba ya mkonge mkononi, akavua kandambili mlangoni, akaanza kupima chumba changu. Alipima kutoka ukutani hadi kwenye tundu, akafunga fundo. Kutoka tundu hadi meza, fundo. Kutoka dari hadi mabati, hapo alinipandisha mimi kwenye kiti, fundo.

"Mama, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Natumwa," alisema. "Mzee anasema dirisha la juu si kosa. Kosa ni kuliacha jua liingie na viatu. Anasema lazima livue kwanza."

Mzee hakuwahi kuingia kwenye nyumba ile wala asingeingia. Alichora chumba changu kichwani kwa mafundo ya kamba. Kwa wiki nzima mama mkwe alikuwa njiani kati ya banda na sebule, na miguu yake ile, akibeba maswali. Mzee anauliza kuta zina rangi gani. Nikasema za krimu. Mzee anasema zipakwe chokaa nyeupe, hata dari, rangi nyingine zinakula mwanga. Mzee anauliza unakaa umeelekea wapi. Mzee anauliza mkono unaoshika nguo ni upi.

Hapo nilimkumbuka mama yangu mlangoni kwake. Nikamwambia mama mkwe, "Mwambie mzee mwanga ukishuka kichwani moja kwa moja kichwa changu kinazibia sindano. Kwetu wafinyanzi wanautaka utoke ubavuni, kushoto."

Alienda. Aliporudi akasema, "Anasema ndaga, anakushukuru. Anasema hilo alipaswa kulijua tangu siku ya kidole."

Alitengeneza sanduku lisilo na kifuniko wala kitako, refu kama mkono wangu, la kukaa kati ya bati na dari. Mbao zake alizilainisha kwa randa pande za ndani ingawa hakuna mtu ambaye angezigusa, akazipaka nyeupe mara tatu. Halikuwa limesimama wima. Alililaza kidogo ili mwanga uangukie kushoto kwa cherehani. Chini kabisa nilitakiwa nikaze kitambaa cheupe cha marekani, jua lipigwe kwenye mbao, lipigwe tena, lichoke, ndipo lipite kwenye kitambaa likiwa mwanga tu. Juu, kuzunguka bati, aliagiza lami na vipande vya mabati vilivyokunjwa, maji yapite pembeni. Mume wangu alisema tumwite fundi apandishe. Mzee alikataa. Fundi ndiye aliyetuletea beseni.

Tatizo lilikuwa dogo na kubwa: mtu aliye juu ya tundu la paa anaona ndani. Kwa hiyo tulipangiana siku. Kipupwe kilikuwa bado mbali, mvua zilikuwa zinakuja mchana mchana, lakini asubuhi zilikuwa safi. Mimi niende mjini kununua uzi na nisirudi mpaka mama mkwe anipigie simu. Nilivaa gauni nililolimaliza jana yake, la bluu, lenye kola nyeupe na vifungo vitatu begani kushoto. Nilikuwa nimelibuni mwenyewe, nilitaka watu sokoni waliulizie. Nilitoka kwa njia ya nyuma, kokoa kwa kokoa, nikamwacha mzee anasogeza ngazi.

Nikiwa sokoni mawingu yalijikusanya mapema. Nikakumbuka mezani nimeacha sare kumi na mbili za watoto wa shule, nyeupe, chini ya paa lililofunguliwa. Simu ya mama mkwe nikaipiga, haikupokelewa. Nikajiambia mzee wa umri ule hawezi kubaki juu ya paa mvua ikija, atakuwa ameshashuka. Nikapanda bodaboda. Tulifika mvua inaanza kupiga, nikaingia mbio kwa mlango wa nyuma.

Siku zote tuliepushana kwa masikio. Kikohozi chake, randa yake, ndala zangu, cherehani. Lakini mvua ya Kyela kwenye bati haiachi sauti nyingine. Sikumsikia, na yeye hakunisikia. Nilikimbia mpaka mezani, nikazikumbatia zile sare, na kwa kuwa maji hayakuwa yananidondokea nikainua uso nione kwa nini.

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya tundu, ametandaza turubai kwa mikono miwili, analizuia lisipeperuke. Hakuwa ameshuka kwa sababu ya zile zile sare. Uso wake ulikuwa pale mwisho wa sanduku jeupe, una maji, una vumbi la mbao kwenye nyusi. Niliona ni uso wa mume wangu uliozeeka vizuri. Macho yetu yalikutana. Sijui ilikuwa muda gani, haukuwa mrefu. Nilijifunika na nguo za watoto wa watu, nikakimbilia chumbani, nikakaa chini nyuma ya mlango.

Mama mkwe alikuja baadaye, amelowa, akaniambia mzee ameshuka salama, yuko kwake. Nikamwambia yaliyotokea. Alishika kifua. Alinieleza jambo ambalo sikulijua: kwamba likijulikana, ukoo utakaa, na watakaoulizwa si mimi mgeni, ni yeye mzee. Mzee mzima wa kanisa alifuata nini juu ya paa la mkamwana wake?

Hilo ndilo lililonivunja. Mume wangu aliporudi alinikuta nafungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake na kukifunga kwenye shuka. Nikamwambia twende Bondeni, tusisubiri mpunga, twende kesho. Nikiondoka hakuna atakayeuliza kitu, watu watasema nimefuata biashara. Aliniuliza mara tatu nini kimetokea, nami nikazidi kukaza mafundo ya shuka. Usiku sikulala, nikawa nalia kwa sababu ya mtu niliyemwona mara moja.

Asubuhi mama mkwe alibisha hodi mlango wa nyuma. "Mugonile," akanisalimu, kisha akakaa kwenye kigoda. Aliiona cherehani kwenye shuka.

"Nimetumwa," alisema. "Mzee anasema macho yake siku hizi yana ukungu, mbali haoni. Jana alichungulia kwenye sanduku aone kama rangi imeshika, akaona weupe tu. Anasema weupe ule unatosha, ila kitambaa ukikaze zaidi upande wa mlango. Na anauliza mbona cherehani iko kimya, umeme umekatika?"

Nilimtazama usoni. Alikuwa anatazama sakafu.

"Hakuona mtu?"

"Anasema hakuona mtu."

Ukungu wa macho nilikuwa sijausikia kabla ya asubuhi ile. Mtu aliyekuwa akifuata mstari wa penseli kwa msumeno bila kuukosa. Lakini ulinifaa, nikauamini kwa moyo wote, kama mtu anavyopokea mwavuli bila kuuliza ni wa nani. Nikafungua shuka. Mume wangu alisimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi, akaniangalia nikirudisha cherehani mahali pake, akasema, "Kwa hiyo chumba cha watu nikasemeje?" Nikamwambia aseme tumepata kingine.

Gauni la bluu sikulivaa tena. Nililiogopa. Wiki ile ile nilimpa mdogo wangu aliyekuja kuuza vyungu, akapanda nalo mtumbwi likaenda zake Ikombe.

Kitambaa nilikikaza upande wa mlango, kama nilivyoagizwa. Na ulipokuja mwanga ule sikujua niuite nini. Hauna joto wala mstari. Unajaa chumbani taratibu jua linapoivuka milima, ukutani kwa chokaa unarudi tena kwako, na sindano inaonekana tundu lake bila kukunja uso. Wingu likipita chumba kinapumua kidogo, kisha kinarudi. Hata siku za mvua nzito, umeme ukiwa umekimbia, nashona mpaka saa kumi na moja. Mapazia yamefungwa kama kawaida, na ng'ambo ya ua mzee yuko upande wake wa zamani, uso kwenye mwanga wake. Swichi ya sebule sasa ina vumbi, na mita ya Luku imekuwa na adabu. Majirani walikuja kuchungulia dari yangu. Wawili wameshatengenezewa masanduku yao, na mzee huwauliza kwanza mkono unaoshika nguo ni upi, kana kwamba swali ni lake tangu mwanzo.

Tulikaa hivyo miaka mitatu, kila mmoja na ukimya wake juu ya siku ile. Mwaka huu kanisa liliwaandalia wale wazee wawili jubilei ya ndoa yao. Wiki mbili kabla, mama mkwe aliingia na kifurushi cha karatasi, akakiweka mezani chini ya mwanga. Ndani kulikuwa na kitambaa cha bluu na kipande kidogo cheupe.

"Mzee amekwenda mwenyewe dukani," alisema. "Anataka unishonee gauni la siku ile. Ameeleza mpaka amenichosha. Bluu, kola nyeupe, na vifungo vitatu hapa, bega la kushoto." Alijigusa begani. "Nimemuuliza mtindo huo ameuona wapi. Anasema wewe unajua."

Nilishika ile bluu. Ilikuwa rangi yenyewe ya gauni la siku ile ya mvua, si ya kukaribiana. Nje randa ilikuwa inakwenda taratibu, kwenye mninga.

"Unajua?" mama mkwe aliuliza.

"Najua, mama," nikasema. "Mwambie ndaga fijo. Mwambie nimeelewa."

Nilimpima mama mkwe pale pale, mabega, kifua, urefu, na alipoondoka nikafunga mlango nikalia vizuri. Halafu nilinawa uso nikakata kitambaa. Vifungo sikuviacha kwa cherehani, nilivishona kwa mkono, kimoja kimoja, nikiwa nimekaa ubavu kwenye mwanga wake. Ng'ambo ya ua, cherehani ilipokaa kimya muda mrefu, randa nayo ilisimama, nikamsikia akimuuliza mkewe kama kwa mkamwana kuna umeme.